Rufaa katika Mahakama ya Juu ya Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa Uganda wanaotumia Kiswahili katika shughuli zao za kila siku, kuanzia wafanyabiashara wa Busia na Malaba hadi familia za askari na za wafungwa walioko Luzira, ambao hukutana na sheria na hukumu zilizoandikwa kwa Kiingereza bila mtu wa kuwaeleza. Majibu yanahusu rufaa za madai na za jinai zinazofika Mahakama ya Juu, na hayachukui nafasi ya wakili aliyelisoma jalada lako.

Mahakama ya Juu iko ngazi gani?

Katiba ya mwaka 1995 imeiweka juu ya mahakama zote nchini. Chini yake iko Mahakama ya Rufani, kisha Mahakama Kuu, kisha mahakama za mahakimu. Zamani rufaa za Uganda zilikuwa zikiamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, lakini chombo hicho kilikufa pamoja na Jumuiya ya zamani mwaka 1977, na tangu hapo neno la mwisho limekuwa likitolewa nyumbani. Tangu Aprili 2024 Mahakama ya Juu ina jengo lake jipya jijini Kampala, jirani na lile la Mahakama ya Rufani.

Rufaa husikilizwa na majaji wangapi?

Katiba inataka idadi witiri isiyopungua watano, ili kura zisigawanyike sawasawa. Jaji Mkuu akiwapo ndiye anayeongoza jopo, na asipokuwapo huongoza jaji mwandamizi kuliko wenzake. Maombi madogo yanayotangulia rufaa yenyewe, kama vile kuongezewa muda, yanaweza kuamuliwa na jaji mmoja, na asiyeridhika na uamuzi wake hupeleka ombi lake mbele ya majaji watatu wa mahakama hiyohiyo.

Je, kesi yangu itasikilizwa upya, pamoja na mashahidi?

Hapana. Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hulielewa wakiwa wamechelewa, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Kesi nyingi zinazofika hapa zimekwisha kupita mikono miwili. Mahakama Kuu iliwaona mashahidi kwa macho, ikawasikia wakihojiwa, ikaamua nani wa kuaminika. Mahakama ya Rufani, ikiwa mahakama ya rufaa ya kwanza, haikuwaona mashahidi hao, lakini sheria inailazimu kuusoma ushahidi wote tangu mwanzo, kuupima upya kwa jicho lake na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba jaji wa kwanza ndiye aliyeona nyuso na kusikia sauti. Mahakama ya Juu, ikiwa mahakama ya rufaa ya pili, huuliza swali jingine kabisa: je, Mahakama ya Rufani ilitimiza wajibu wake huo kwa mujibu wa sheria? Msimamo huu umerudiwa katika hukumu zake nyingi tangu miaka ya 1990. Majaji wa juu huuchambua ushahidi wenyewe pale tu inapodhihirika kwamba Mahakama ya Rufani haikuupima, au iliupima vibaya kiasi cha kumnyima mtu haki. Mahakama mbili za chini zikikubaliana juu ya jambo la ukweli, kwa mfano kwamba mshtakiwa alikuwapo mahali pa tukio, ni nadra sana Mahakama ya Juu kulipindua. Kanuni zake pia haziiruhusu kupokea ushahidi mpya katika rufaa ya namna hii.

Tuchukue mfano. Mtu ametiwa hatiani kwa ujambazi wa kutumia silaha, na shahidi pekee aliyemtambua alimwona usiku. Sheria ya Uganda, kwa msimamo uliowekwa tangu mwaka 1979, inamtaka jaji ajionye kwanza juu ya hatari ya kumtia mtu hatiani kwa utambuzi wa namna hiyo, kisha apime mwanga uliokuwapo, umbali kati ya wawili hao, muda shahidi aliomwangalia mtu huyo, na kama walikuwa wakifahamiana kabla ya siku hiyo. Mrufani akifika Mahakama ya Juu na kusema tu kwamba shahidi alidanganya, hatapata msikilizaji, kwa kuwa mahakama mbili zimekwisha kumwamini shahidi huyo. Lakini akionyesha kwamba hukumu ya Mahakama ya Rufani haikugusa kabisa suala la mwanga, wakati shahidi mwenyewe alisema taa ilikuwa imezimwa, hapo ameleta kosa la kisheria, na majaji wanaweza kuufungua ushahidi na kuupima wenyewe.

Ndiyo maana nawasihi ndugu wa mshtakiwa wasiiweke akiba nguvu yao kwa ajili ya Kampala. Swali ambalo wakili hakumuuliza shahidi siku ya kesi, na risiti ambayo haikupokelewa kama kielelezo, haviwezi kuzaliwa katika ngazi ya juu. Majaji watano watasoma yaliyoandikwa na hakimu au jaji wa kwanza, basi. Hali kadhalika, hoja ambayo haikuwahi kupelekwa Mahakama ya Rufani kwa kawaida haipokelewi kwa mara ya kwanza Mahakama ya Juu.

Katika jinai, nani ana haki ya kufika Mahakama ya Juu?

Inategemea kesi ilianzia wapi. Iwapo ilianzia Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ikathibitisha hatia na adhabu ya kifo, aliyehukumiwa ana haki ya kukata rufaa bila kuomba ruhusa ya mtu, juu ya jambo la sheria au la sheria lililochanganyika na ukweli. Haki hiyohiyo anayo mtu aliyeachiwa na Mahakama Kuu kisha Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani. Mkurugenzi wa Mashtaka naye anaweza kukata rufaa pale Mahakama ya Rufani inapofuta hatia iliyotolewa na Mahakama Kuu. Mahakama zote mbili zikimwachia mshtakiwa, Mkurugenzi anaweza tu kuomba tamko la mahakama juu ya suala la sheria lenye umuhimu mkubwa kwa umma.

Kesi iliyoanzia kwa Hakimu Mkuu au Hakimu wa Daraja la Kwanza huwa imekwisha kupitia Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, kwa hiyo ikienda Mahakama ya Juu inakuwa rufaa ya tatu. Hapo hutakiwa cheti cha Mahakama ya Rufani kwamba kuna suala la sheria lenye umuhimu mkubwa kwa umma. Cheti kikikosekana, bado Mahakama ya Juu yenyewe inaweza kuipokea rufaa hiyo ikiona kwamba wajibu wake wa jumla wa kuhakikisha haki inatendeka unadai hivyo, ila mlango huo ni mwembamba.

Na katika madai?

Kanuni inafanana. Kesi iliyoanzia Mahakama Kuu, iwe ya mkataba, ya mirathi au ya ardhi yenye hati, inakwenda juu kwa haki baada ya Mahakama ya Rufani kuthibitisha, kubadili au kutengua uamuzi. Iliyoanzia kwa hakimu inahitaji cheti, au ridhaa ya Mahakama ya Juu yenyewe. Migogoro mingi ya mipaka ya mashamba huanzia kwa mahakimu, na wenye kesi hushangaa kuambiwa kwamba ugomvi wao, ambao kwao ndio uhai wa familia nzima, hauna umuhimu kwa umma. Maana yake si kwamba shamba lako ni dogo. Swali ni kama jibu la mahakama litawaongoza watu wengine wenye shida kama yako, kwa mfano kama sheria haijaeleza wazi haki za mtu anayekaa kwa muda mrefu katika ardhi ya mwingine. Mgogoro unaohusu nani alihamisha jiwe la mpaka hauwezi kupata cheti hicho, hata kama aliyelihamisha anajulikana na kijiji kizima.

Nina siku ngapi?

Siku 14 tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani itolewe, kwa jinai na kwa madai, kuwasilisha taarifa ya kusudio la kukata rufaa. Taarifa hiyo hupelekwa kwa msajili wa Mahakama ya Rufani, mahakama ileile unayoilalamikia. Mfungwa hupitisha karatasi zake kwa mkuu wa gereza, na ndugu zake wafuatilie wajue kweli zimepokelewa na kugongwa muhuri.

Katika madai kuna hatua nyingine ambazo huwanasa wengi. Taarifa lazima imfikie mpinzani wako ndani ya siku 7 tangu iwasilishwe. Rufaa yenyewe, yaani kumbukumbu za rufaa pamoja na hati ya sababu, huwasilishwa ndani ya siku 60 tangu taarifa ilipopokelewa. Muda unaotumiwa na mahakama kukuandalia nakala za mwenendo wa kesi hauhesabiwi, lakini kwa sharti kwamba uliziomba kwa barua ndani ya siku 30 tangu hukumu na mpinzani wako akapewa nakala ya barua hiyo. Barua hiyo ya ukurasa mmoja, ikiwa na muhuri wa kupokelewa na saini ya upande wa pili, imeokoa rufaa nyingi, na kukosekana kwake kumeziua nyingi bila majaji kufika hata kwenye sababu za rufaa.

Nimechelewa. Nifanye nini?

Omba kuongezewa muda, ukieleza kwa kiapo sababu ya kutosha. Makosa ya wakili yanaweza kukubaliwa kuwa sababu, kwani mahakama imesema mara kadhaa kwamba mteja asiadhibiwe kwa uzembe wa wakili wake, lakini mteja naye lazima aonyeshe kwamba alikuwa akifuatilia. Aliyelala miaka miwili kisha akamlaumu wakili hapati huruma.

Hati ya sababu za rufaa inaandikwaje?

Kwa ufupi, kwa vifungu vyenye namba, bila masimulizi na bila mabishano. Kila kifungu kiseme ni kosa gani la kisheria ambalo majaji wa Mahakama ya Rufani wamelifanya. Tazama sababu hii:

"Mrufani haridhiki kwa sababu shahidi wa pili alikuwa na kinyongo naye tangu walipogombania mpaka, na jambo hilo linajulikana."

Hiyo ni hadithi, inamlaumu shahidi badala ya hukumu, na itaondolewa. Sasa linganisha na hii:

"Waheshimiwa Majaji wa Mahakama ya Rufani walikosea kisheria kwa kutoupima upya ushahidi wa utambuzi wa usiku, hasa suala la mwanga, na hivyo wakathibitisha hatia isiyostahili."

Ya pili inawaonyesha majaji ukurasa gani wa hukumu waufungue. Hati yenye sababu tatu za namna hiyo ina nguvu kuliko yenye sababu kumi na tano zinazorudiarudia neno moja, na wakili anayekujazia sababu nyingi ili uone kwamba amefanya kazi hakusaidii.

Siku ya kusikilizwa huwaje?

Kwa kawaida hoja zimekwisha kuwasilishwa kwa maandishi, na majaji wamezisoma. Mawakili hupewa nafasi ya kufafanua, na sehemu kubwa ya muda huenda kwenye maswali ya majaji. Mrufani aliye gerezani huletwa chini ya ulinzi lakini hatoi ushahidi. Kikao kinaweza kumalizika mapema kuliko familia iliyosafiri usiku kucha kutoka Arua ilivyotarajia. Hukumu haitolewi siku hiyo. Hutangazwa kwamba itatolewa kwa taarifa, yaani siku nyingine ambayo pande zote zitajulishwa, na majaji huondoka kwenda kujadiliana na kuandika.

Majaji wasipokubaliana?

Walio wengi ndio wanaoamua. Katika rufaa za jinai kwa kawaida hutolewa hukumu moja ya mahakama, na katika za madai kila jaji anaweza kuandika yake. Usiidharau hukumu ya waliobaki wachache, kwa sababu hoja iliyoshindwa leo inaweza kuwa msingi wa wakili wa kesho.

Baada ya kuamua, mahakama inaweza kuithibitisha hukumu ya chini, kuibadili, kuitengua, au kuamuru kesi isikilizwe upya na jaji mwingine. Amri hiyo ya mwisho haitolewi ili upande wa mashtaka upewe nafasi ya pili ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Hutolewa pale kesi ya kwanza ilipoendeshwa kwa kasoro kubwa za kisheria na haki ikataka irudiwe.

Ninaweza kukata rufaa kwa sababu adhabu ni kali mno?

Katika Mahakama ya Juu, hapana. Sheria imesema wazi kwamba rufaa juu ya adhabu katika ngazi hii ni ya jambo la sheria tu, na ukali wa adhabu si jambo hilo. Malalamiko ya ukali yanaishia Mahakama ya Rufani. Lakini adhabu iliyotolewa kinyume cha sheria ni suala jingine, na mfano mzuri ni hesabu ya muda wa mahabusu.

Ibara ya 23(8) ya Katiba inaitaka mahakama izingatie muda ambao mtu amekaa mahabusu kabla ya hukumu. Kwa miaka mingi Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba kuzingatia si lazima kuwe kutoa kwa hesabu. Machi 2017 iliuacha msimamo huo na kuamua kwamba muda huo unajulikana kamili, kwa hiyo utolewe kamili. Mtu anayestahili miaka 25, akiwa amekaa mahabusu miaka 3 na miezi 4, atumikie miaka 21 na miezi 8. Adhabu isiyofanyiwa hesabu hiyo inaweza kurekebishwa hata katika ngazi ya juu kabisa. Angalia hata hivyo tarehe ya hukumu yako, maana mahakama imefafanua baadaye kwamba adhabu zilizotolewa kabla ya tarehe 3 Machi 2017 hazipimwi kwa kipimo hicho. Kifungo cha maisha nacho hakina hesabu ya namna hiyo, kwani tangu mwaka 2011 mahakama imetamka kwamba kifungo hicho ni cha uhai wote wa mfungwa.

Adhabu ya kifo inaamuliwaje?

Katiba, katika Ibara ya 22, hairuhusu mtu kunyongwa mpaka mahakama ya juu kabisa ya rufaa ithibitishe hatia na adhabu. Kisha kuna uamuzi wa tarehe 21 Januari 2009 katika shauri la Susan Kigula na wafungwa wenzake zaidi ya mia nne. Mahakama ya Juu haikuifuta adhabu ya kifo, lakini ilisema kwamba sheria haiwezi kumlazimisha jaji kuitoa bila kumsikiliza mfungwa ajitetee juu ya adhabu. Ilisema pia kwamba miaka mitatu ikipita tangu adhabu kuthibitishwa bila kutekelezwa, inageuka kuwa kifungo cha maisha. Wafungwa waliokuwa wakiamka kila asubuhi bila kujua kama ni siku yao ya mwisho walipata angalau kujua. Kwangu mimi, hakuna hukumu ya mahakama hii iliyogusa maisha ya watu wanyonge kuliko hiyo.

Nikikata rufaa, je, utekelezaji unasimama?

Katika madai hausimami wenyewe. Aliyeshinda anaweza kuleta dalali wa mahakama wakati rufaa yako ikisubiri, kwa hiyo lazima uombe amri ya kusimamisha utekelezaji, uonyeshe kwamba rufaa yako ina hoja ya maana na kwamba ikitekelezwa sasa ushindi wako wa baadaye utakuwa hewa. Katika jinai, mfungwa anaweza kuomba dhamana kusubiri rufaa. Mahakama huangalia kama ni kosa lake la kwanza, kama kosa lilihusu kumdhuru mtu, kama rufaa ina nafasi ya kufanikiwa, na kama itachelewa kusikilizwa. Aliyetiwa hatiani hachukuliwi tena kuwa hana hatia, na hivyo dhamana hii ni ngumu kuliko ile ya kabla ya kesi.

Sijui Kiingereza na sina pesa za wakili.

Mahakama inaendeshwa kwa Kiingereza, ingawa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Hata hivyo mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama ana haki ya kupewa mkalimani bila malipo, na anayekabiliwa na kosa la adhabu ya kifo au kifungo cha maisha ana haki ya kupewa wakili kwa gharama ya serikali. Dai haki hizo tangu siku ya kwanza ya kesi, na ukiona mkalimani anafupisha maneno yako, sema hapohapo ili iandikwe.

Kesi za Katiba, za wabunge na za urais je?

Mashauri ya Katiba huanzia Mahakama ya Rufani ikikaa kama Mahakama ya Katiba, na asiyeridhika huenda moja kwa moja Mahakama ya Juu, ambako kwa kawaida huketi majaji saba. Kwa njia hiyo mahakama iliamua mwaka 2015, katika shauri la shirika la Mifumi, kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Kwa njia hiyohiyo, tarehe 31 Januari 2025, katika shauri la Michael Kabaziguruka, iliharamisha kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi kama zilivyokuwa zimeundwa. Rufaa za uchaguzi wa wabunge zinaishia Mahakama ya Rufani. Shauri la uchaguzi wa rais si rufaa, kwa kuwa linafunguliwa Mahakama ya Juu yenyewe.

Baada ya Mahakama ya Juu, kuna pengine pa kwenda?

Kwa rufaa, hakuna. Mahakama inaweza kusahihisha kosa la uandishi au la hesabu katika hukumu yake, na kwa nadra kubwa kuifuta hukumu iliyothibitika kuwa batili, lakini haikai kusikiliza rufaa dhidi yake yenyewe. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha hushughulikia uvunjaji wa Mkataba wa Jumuiya, tena malalamiko yafikishwe ndani ya miezi miwili, na haina mamlaka ya kuwa ngazi ya tano ya rufaa.

Kwa aliyefungwa kuna msamaha wa rais chini ya Ibara ya 121 ya Katiba, unaotolewa kwa ushauri wa kamati inayoongozwa na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Katika kesi za adhabu ya kifo, kamati hupelekewa taarifa ya maandishi ya jaji aliyeisikiliza kesi, pamoja na maelezo mengine yatokayo kwenye jalada au kwingineko, na hapo barua ya familia au ya kiongozi wa dini kuhusu mwenendo wa mfungwa inaweza kuwekwa mezani, hata kama hapo awali haikuwa ushahidi.